Chumvi Aliyoiosha Verdiana

Verdiana alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, nacho kilikuwa chumvi yake nyeupe. Tangu alipofiwa na mume, alilea watoto watano kwa kukwangua chumvi kwenye ziwa lililo chini ya Mlima Hanang na kuipandisha Mbulu kwa punda. Kila debe aliliosha kwa maji ya chemchemi hadi wekundu wote utoke. Wanawake wa pale wote walifanya hivyo; kumpa mtu chumvi chafu ni kumtukana mchana kweupe.

Mwaka wa pili baada ya Manyara kuwa mkoa, ndama kumi na mmoja walikufa kando ya ziwa. Watu wakasema maji yale mekundu ni laana, na kijiji kikataka kulifunga ziwa, mtu asichote chumvi wala kunywesha mifugo. Hapo ndipo alipofika Eva, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alimwamkia Verdiana, akamweleza kuwa wekundu ule ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyopenda chumvi. Alitaka kusoma vinasaba vya vijidudu hivyo, yaani ule urithi ambao kila kizazi hukiachia kingine, ajue kama vina sumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Verdiana alimchinjia jogoo.

Eva alimwachia chupa sita, azijaze ukoko mwekundu wa chumvi ziwa likikauka sana. Verdiana aliyaelewa maagizo. Lakini siku aliyoukwangua ukoko ule aliona aibu. Msomi wa watu atoke mbali aje kupewa uchafu? Akauosha mara tatu, kama alivyofundishwa na mama yake, ndipo akajaza chupa.

Eva alirudi mvua zikiwa zimeshaanza. Aliinua chupa moja kwenye mwanga; chumvi ya ndani ilikuwa nyeupe pe.

“Mama, uliiosha?”

“Vizuri kabisa, mwanangu.”

“Vile vijidudu vimeumbwa kuishi kwenye chumvi, mama. Maji ya chemchemi yanavipasua. Humu hakuna cha kusoma.”

Ziwa lilikuwa limejaa, na wekundu usingerudi hadi kiangazi kingine. Mkutano wa kijiji wa kuamua hatima ya ziwa ulikuwa Jumamosi.

Mkutanoni, mwenyekiti Nikolausi alitangaza kwamba mtaalamu hakupata kitu. Watu wakaguna kwamba kama hata chuo kikuu kimeshindwa, basi ni laana kweli. Verdiana angeweza kukaa kimya. Eva angebeba lawama, aende nayo mjini. Verdiana alisimama.

“Hakushindwa. Niliiosha mimi. Nilitaka mgeni apate chumvi safi.”

Wanaume wachache walicheka. Upande wa wanawake hakucheka hata mmoja, maana kila aliyekaa pale alijua angeiosha vilevile. Lakini majibu ya sumu hayakuwepo; mikono ikainuliwa, na ziwa likafungwa.