Bi Mdogo wa Muuza Nyama

Muuza nyama aliyeitwa Jabali alikuwa na mwili uliostahili jina hilo. Akisimama mlangoni mwa bucha, mwanga wote ulibaki nje. Alipasua mifupa kwa shoka huku akitaniana na wateja, na hakuna aliyewahi kumwona amelegea kwa jambo lolote. Ndiyo maana siku alipokwenda sokoni kutafuta sungura wa kufuga, alipitia uchochoro wa nyuma, penye matenga ya kuku, akinyata kama mwizi.

Sababu ilikuwa nyumba. Kitinda mimba wao alikuwa ameolewa mbali, na jioni mle ndani ilisikika cherehani ya mkewe tu. Kisha Jabali alikuwa amemwona sungura wa mteja mmoja akimfuata bwana wake uani kama mtoto anayejifunza kutembea, na tangu hapo jambo hilo lilimganda moyoni.

Muuzaji, mama wa makamo, alimfungulia tundu. "Angalia macho, yasiwe na tongotongo. Chungulia masikioni. Meno yakutane sawasawa, na huku nyuma pawe pakavu. Halafu tulia, uone nani atakujia."

Jabali akachuchumaa, akamnyanyua mmoja mweupe. Kabla hajajijua, vidole vyake vilishapita mgongoni vikashuka mapajani, vikipima nyama. Akashtuka, akamrudisha haraka, akafuta mikono kwenye suruali kana kwamba imeshika uchafu. Hapo sungura wa kijivu, sikio moja limelala, akaja mwenyewe kumnusa kiatu.

"Huyu," akasema.

"Wa kufuga au wa mboga?"

Kabla hajajibu, akamwona Sindano, mwenzake wa buchani, mtu mwembamba mwenye mdomo usiojua kufungwa, akija na kapu lake.

"Wa mboga!" Jabali akasema kwa sauti ya kusikika.

Mama yule alimtazama, kisha akampakata sungura, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, akamkabidhi. "Hata wa mboga hashikwi masikio, baba."

Nyumbani, mkewe alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Ndiyo umeniletea mke mwenza?" Jina likabaki hapohapo: Bi Mdogo.

Jabali alimjengea kibanda uani, chenye sakafu ya mbao na kona ya kujificha. Mwanzoni alimlisha mkate na kabichi, akidhani anamdekeza, hadi tumbo likavimba kama ngoma. Daktari wa mifugo akamkaripia: chakula chake ni nyasi kavu, majani kidogo, maji safi, na karoti ampe kama mtoto anavyopewa peremende. Jabali, ambaye hakuwahi kumtii mtu, akatii. Na kwa kuwa harufu ya damu ilimfanya Bi Mdogo ajikunyate, kila akitoka kazini alijisugua kwa sabuni mpaka viwiko vikawasha. Ndipo alipojilaza sakafuni kifudifudi, na Bi Mdogo akampanda mgongoni.

"Funga mlango," alimwambia mkewe. "Mtu asije akapita."

Buchani, Sindano hakumpa nafasi. "Vipi, yule bwana hajaiva?"

"Bado namnenepesha," Jabali alijibu, na siku nyingine alitia chumvi, akaeleza hata mchuzi utakavyokuwa. Wenzake wakicheka, naye alicheka. Kitu kilimchoma ubavuni kila mara, akajifanya hamnazo.

Jumapili moja hodi ikapigwa. Sindano na wauza nyama wawili, na mfuko wa mkaa. "Shemeji, hujambo? Leo hupiki, tumekuja kupika wenyewe!"

Mkewe akamtazama Jabali. Jabali angeweza kuwazuia wageni kwa neno moja tu. Badala yake alijichekesha, akaenda uani, na kwa kuwa watu watatu walikuwa wakimtazama, akafanya lile ambalo muuza nyama angefanya: akamkamata Bi Mdogo masikio, akamning'iniza juu.

Sungura yule, ambaye hawakuwahi kumsikia sauti, akapiga ukelele kama mtoto mchanga aliyeungua. Miguu ikapiga hewa. Mkewe alifika kwa hatua mbili, akamwekea mkono chini, akamtwaa. "Mnyama wa nyumba hii haliwi," akasema, akaingia ndani.

Sindano akakuna kichwa.

"Mnisamehe, jamani," Jabali akasema. "Mke wangu ana moyo mwepesi. Mnajua wanawake."

Wakacheka, wakabeba mkaa wao. Dirisha lilikuwa wazi, na kila neno liliingia ndani.

Jioni alipokwenda kibandani, Bi Mdogo alijibana kwenye kona mpaka akaonekana kipande kidogo cha kijivu. Jabali alinusa mikono yake. Ilinukia sabuni tu. Alikaa pale, jasho la aibu likimtiririka, akashindwa hata kumwita.

Siku zikapita hivyo. Hatimaye akapiga moyo konde, akasimama karibu na cherehani. "Siku ile nilikusingizia."

Mkewe hakuinua kichwa. "Mimi nina mdomo wa kujitetea. Yule je?"

Kesho yake, buchani, Jabali aliweka shoka chini. "Sindano, yule sungura hakuwa wa mboga hata siku moja. Mimi ndiye nilimtaka, mimi ndiye namlea, na anaitwa Bi Mdogo. Mke wangu hahusiki."

Sindano alimkodolea macho. Kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, na kabla ya mchana soko zima likajua. Wauza mboga wakawa wanamuuliza, "Bi Mdogo hajambo?" Masikio yakamwaka moto, lakini alijibu, "Hajambo, anawasalimu." Baada ya muda utani ukachuja, na wengine wakaanza kumwekea majani ya karoti.

Aibu ile nyingine, ya kibandani, ndiyo haikuchuja. Bi Mdogo alikula vizuri, manyoya yalimng'aa, na mapajani kwa mke wa Jabali alilala mpaka akafumba macho. Kwa Jabali hakusogea. Akinyoosha tu mkono, sungura alipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, akatoweka. Jabali hakumlaumu. Jioni moja alijilaza chali sakafuni, akaificha mikono yake chini ya mgongo, akasubiri.

"Usimwite," mkewe alisema toka kwenye cherehani.

"Simwiti."

Sharubu zikamgusa shavuni, nyepesi kama uzi. Akabana pumzi. Bi Mdogo akamnusa, akageuka, akaenda zake kutafuna nyasi.