Ngoma ya Mama Efrazia Yatafutiwa Miguu

Kwa miaka mingi Mama Efrazia amepiga ngoma ya kwaya yetu ya kanisa, hapa mtaa wa Picha ya Ndege, akiwa ameibana kwa magoti. Ni gogo zima, zito, alilokuja nalo kutoka Sumbawanga, na tunaivisha kitenge cha sare kama mwanakwaya mwenzetu. Mwaka huu goti lake la kulia likamgomea. Siku ya Kipaimara ngoma ikamponyoka, ikabingiria hadi kwenye maua ya altare.

Mwalimu wa kwaya, Telesphory, alimwita pembeni.

"Mama, ikianguka tena tutatumia kinanda. Wewe utaimba sauti ya pili."

Mama Efrazia aimbe! Sauti yake ni kama bawaba ya geti, na mwenyewe anajua. Nilimwonea uchungu, nikampeleka kwa Jabiri, fundi wa kuchomelea, aiundie ngoma stendi ya chuma.

"Iinamishe kidogo," Mama Efrazia alimwambia. "Ikikaa wima, kitako kikagusa sakafu, itameza sauti."

Stendi ya kwanza ilikuwa ya miguu minne. Juu ya vigae vya kanisa mguu mmoja ukabaki hewani, ngoma ikawa inagongagonga. Jabiri akaitupa, akatengeneza ya miguu mitatu, maana mitatu haichagui sakafu. Akaitanua chini, akajaza mchanga kwenye mabomba, kisha akaibana ngoma kwa mkanda wa chuma na bolti. Niliisukuma kwa bega. Ilikuwa kama nasukuma ukuta.

Jumamosi tukafanya mazoezi. Ngoma ililia vizuri ajabu, lakini kwaya ikavurugika. Hatua zilipishana, mwenzangu Bertha akanikanyaga, wanaume wakageuka kushoto peke yao. Telesphory akaanza kukitazama kinanda. Mama Efrazia aliona.

Mimi siwezi kuacha jambo bila kulichungulia. Nikaitazama ngoma. Ilikuwa imetulia tuli. Hapo ndipo akili iliponijia: miaka yote tulikuwa tunafuata kile kitenge! Mama Efrazia aliiyumbisha kwa magoti. Ikiinama kulia, nasi tunakwenda kulia. Hata mwenyewe hakujua.

"Jabiri, ilegeze!" nilimwambia fundi, aliyekuwa amekuja kuisikia kazi yake.

Jabiri akashika kiuno. "Dada, nimehangaika isitikisike, leo mnataka itikisike?"

Alinuna, lakini alifungua bolti. Miguu akaiacha na mchanga wake, ngoma akaining'iniza katikati kwa mipira ya tairi. Mama Efrazia akaigusa kwa kiwiko. Ikayumba, ikarudi.

Jumapili, kwenye wimbo wa kuingilia, aliipa kiwiko cha nguvu. Ngoma ikainama kuelekea altare, ikainama zaidi. Telesphory akaruka na mikono mbele ili aidake. Mama Efrazia hakunyoosha mkono wake. Mikono yote miwili ilikuwa inapiga. Ngoma ikarudi yenyewe, na kwaya nzima ikarudi nayo.