Mrina Asali Aliyetembea Sawasawa

Leo umeme umekatika hapa Kasulu, na jenereta ya duka la jirani imenirudisha kwenye banda la video la utotoni kwetu Murungu, lenye harufu hiyohiyo ya petroli, pamoja na ya miguu yetu yenye vumbi.

Mwalimu alikuwa ametusomea kitabu cha mrina asali mwenye mguu mmoja mfupi, aliyepanda miti kuwashinda wanaume. Dada yangu naye alikuwa akichechemea. Watoto wakaanza kumwita Mrina, na kwa mara ya kwanza akapata jina la utani aliloliitikia.

Filamu ya kitabu hicho ilipofika, tulienda wote Jumapili mchana. Mrina akatokea, akitembea sawasawa.

"Yewe, huyo siye!" tulipiga kelele. "Turudishie wetu!"

Mwenye banda, aliyekuwa akitutafsiria kwa kipaza sauti, alisimamisha filamu. "Tulieni, ninyi! Nitamchechemesha kwa mdomo." Basi kila mara mrina alipopita, alisema, "Hapo anachechemea, msimwangalie miguu!"

Banda zima lilicheka. Dada hakucheka.

Njiani akaniuliza, "Na wewe umemwona huyu mzuri kuliko yule wa kitabuni?"

Nilitaka jibu lisilomuumiza. "Hapana" angejua ni ya huruma, na "ndiyo" haikusemeka. Tulifika nyumbani nikiwa bado nachagua.

"Sawa," alisema. "Waambie wenzako, kuanzia kesho waniite jina langu."