Mkate wa Pome za Kwetu

Tu! Halafu kimya. Halafu tena tu! tu! mbili zikifuatana, na moja ikibiringika juu ya bati, kwaraaa, mpaka uani. Mlio huo wa pome bado uko masikioni mwangu, rafiki yangu. Juma lililopita nilikuwa nachota maji kwa jirani, pome moja ikaanguka juu ya paa lake, nikaruka kama mtoto. Wamama wakanicheka sana. Mimi nikamkumbuka Koko, na ule mkate wake.

Koko, ndivyo tunavyomwita bibi huku Kisangani. Wangu alizaliwa Yanonge, kando ya mto, akaja kulea wajukuu hapa mjini, mtaa wa Mangobo. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na mti wa pome. Sikuambii zile pome za mzungu, yaani matufaha, ngumu, zinazokuja na ndege zikiwa zimebandikwa kikaratasi. Za kwetu ni laini, nyekundu, zina umbo la kengele, na ukiziuma ni maji matupu na harufu ya maua. Mti ulipochanua, maua yalidondoka mpaka uani kote kukawa rangi ya waridi, na siku hiyo Koko alikataza ufagio. "Acha kwanza," alisema, "bageni baone tuko batajiri."

Sasa, wageni wenyewe walikuja kweli. Dada yangu mkubwa, Yaya, alikuwa amepata mchumba, mwalimu kijana kutoka Bukavu, na mama wa yule kijana alikuwa anakuja kututazama. Akipendezwa, Yaya ataolewa, ataenda kukaa Bukavu. Asipopendezwa, mambo yanaishia hapo. Nyumba nzima iliomba apendezwe. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na Yaya ndiye aliyenibeba mgongoni, aliyenisuka nywele, aliyeshika mkono wangu mpaka nikajua kuandika jina langu. Niliomba kinyume. Niliomba kimya, maana nilijua ni dhambi.

Tena kulikuwa na maneno. Shangazi mmoja wa upande wa kijana alikuwa amesema eti: "Batu ya muto, banajua tu samaki na lituma." Lituma ni zile ndizi zetu za kuponda, na mimi naona ni sifa, lakini Koko alilisikia lile neno kama kofi. Akamwita mchumba, akamketisha.

"Mutoto yangu, mama yako anapenda kula nini?"

"Koko, mama anapendaka mukate ya pome na mdalasini. Ile ya haraka, yenye haingoje chachu."

"Bon. Ataikula hapa."

Koko hakuwa ameupika hata siku moja. Mdalasini akauomba kwa jirani yetu, mama Mwislamu kutoka Kindu, ambaye chai yake ilinukia mpaka barabarani. Unga, sukari na mayai vikapatikana. Siku yenyewe asubuhi akanituma soko kubwa: "Leta pome tano. Kimbia."

Nilifika langoni kwetu nikasimama. Nikafikiri, maskini Koko, uzee umeanza, anatuma mtu mjini kununua pome na zetu zinatoboa bati? Nikamhurumia kabisa. Nikacheza kwanza kamba na wenzangu, halafu nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikaokota ndoo nzima, nikaziosha vizuri. Nikampelekea na pesa yake mkononi, nikingoja sifa.

Koko akaangalia ndoo. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena ndoo.

"Hii njo nini?"

"Iko pome, Koko."

"Ni Mungu gani alinipa huyu mutoto?" akauliza, na yule mama wa Kindu, aliyekuwa amepita kutusalimu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Nilikutuma pome ya muzungu!"

Jua lilikuwa limepanda, wageni watafika saa tisa. Nililia. Na hapo ndipo nilipomwona Koko alivyo. Hakunipiga, hakukaa chini kuomboleza. Akasema, "Leta kisu." Tukazikata vipande vidogo, akavifunga katika kitambaa safi, akakamua kwa mikono ile iliyozoea kukamua muhogo. Maji yale hakuyamwaga. Akayachemsha na sukari na mdalasini mpaka yakawa mazito, ya waridi, yakavutika kwa kijiko kama asali. Akapiga mayai, akatia mafuta, unga, ile poda ya kuumua, vile vipande vya pome na yale maji mazito, akachanganya mara chache tu. Oveni hatukuwa nayo. Akaweka mchanga wa mto ndani ya sufuria kubwa ya chuma, sahani yenye ule mchanganyiko juu ya mchanga, akafunika, akapanga makaa ya moto juu ya kifuniko. Kisha akaenda kuoga. "Linda moto," akaniambia.

Mama wa Bukavu alikula kipande cha kwanza. Tulikuwa tunasikia anavyotafuna. Akachukua cha pili mwenyewe, bila kukaribishwa.

"Mama, hii pome munatoa wapi? Ya kwetu haina hii harufu."

"Ya kwenu inakuyaka na ndege," Koko akajibu, akijipepea. "Ya huku inaangukaka tu."

Basi, Yaya akaolewa. Leo ana watoto wawili, na wanaongea Kiswahili cha Bukavu mpaka wananicheka cha kwangu. Koko tulimzika. Mti ulikatwa, mwenye kiwanja mpya amejenga duka pale. Hata zile toleka, baiskeli za abiria zilizomleta mama mkwe mpaka langoni, sasa ni pikipiki tupu. Mimi nina ndoto ya kufungua kibanda cha mkate, usinicheke, na nimejaribu kwa pome za mzungu. Ni mzuri. Hauna maua ndani.

Kila mtu alimsifu Koko, na alistahili. Lakini dakika zile alipokuwa anaoga, upepo ulivuma, makaa yakawaka sana, nikasikia harufu ya sukari inayoanza kuungua. Hakuna mwingine aliyekuwa jikoni. Chumbani Yaya alikuwa anavaa, anaimba. Nilijua nikikaa tu, nikihesabu mpaka hamsini, mkate utakuwa mweusi na labda yeye atabaki. Nilihesabu mpaka kumi na mbili. Kisha nikachukua vijiti viwili, nikaondoa kaa moja kutoka kwenye kifuniko, na la pili, na la tatu, nikayazika ndani ya majivu.