Tela Mpakani

Baba mdogo alipochukua kibanja cha marehemu baba kule Rugera, alituambia hatutalala pale tena. Nikanunua tela kuukuu la kulala lililotelekezwa Nkwenda. Nilikwangua kutu, nikaziba paa, nikapigilia vitanda vipya. Kila nyundo iliposhuka nilimwona baba mdogo.

Likizo ilipofika tulilivuta tela hadi Rugera, tukapiga kambi kwa jirani, mpakani kabisa mwa kibanja, watoto wangu wakilala dirisha likitazama kaburi la babu yao. Asubuhi baba mdogo akaja.

“Mwanangu, mnalala kwenye banda la kuku?”

“Shikamoo, baba mdogo. Karibu kwangu.”

Nikamnyooshea kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni. Majirani walikuwa wakitazama, na kwetu anayeikataa anatangaza uadui. Akatafuna, amesimama mlangoni mwangu.

Sikumpa kiti.