Siku Kumi na Mbwa Asiye na Pua

Mbwa aliyeniuma kidole gumba mjini Kasulu alikuwa na uzito wa kuku wawili, na hakuwa na pua. Nasema hakuwa na pua kwa sababu ndivyo nilivyoona siku ile. Uso ulikuwa bapa, macho yametokeza kama gololi, ulimi umechomoza pembeni, na kila pumzi aliyovuta ilikoroma. Ilikuwa miaka ya tisini, Wakongo walikuwa wameanza kujaa kambini Nyarugusu, nami nilikuwa mtumishi wa mifugo. Mimi ni mwanamke, lakini wote waliniita bwana mifugo, nami nilishachoka kuwasahihisha.

Ilikuwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Bibi mmoja wa Kikongo aliyetoka kambini alifikiwa na zamu yake, mbwa akiwa amefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Nikajua mara moja: mnyama huyu amekwamwa na mfupa kooni. Wakati ule nilijiamini kuliko cheti changu kilivyoruhusu. Nikampanua taya ili niutoe, naye akaniuma hadi damu.

"Hana ugonjwa, mama!" bibi alilia kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Njo sura yake ile. Alizaliwaka vile."

Nani angemwamini? Nilikulia Kibondo, kwa baba aliyefuga mbwa wa kuwinda, wale wembamba wenye masikio wima, wanaofungwa kengele shingoni ili wasikike porini. Nilikuwa mdogo nilipomwona mwindaji mwenzake akifa kwa kichaa cha mbwa, akiyalilia maji na kuyaogopa. Kwa hiyo nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, nikakimbilia hospitali. Huko wakaniambia chanjo ya binadamu imekwisha, wameagiza Kigoma. Mkuu wangu alitaka mbwa auawe, kichwa kipelekwe Dar es Salaam kupimwa. Nikakataa, maana majibu yangechukua wiki kadhaa, na kanuni tuliijua sote: mbwa aliyeuma hufungiwa siku kumi, na akiwa bado mzima siku ya kumi, basi hakuwa na kichaa cha kukuambukiza alipokuuma. Nilitaka kujua mapema kama nitakufa. Nikamfungia kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba, nikapiga marufuku mtu yeyote kumgusa.

Siku za kwanza nilikaa kwenye kigoda mbele ya wavu na daftari mkononi, na siwezi kukataa kwamba hofu ilianza kuchanganyika na udadisi. Manyoya yake, ya rangi ya karanga zilizokaangwa, yalishuka hadi chini, na shingoni yalitawanyika kama ya simba. Mkia aliulaza juu ya mgongo. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda, hivyo hakutembea, alijiyumbisha kama bata aliyeshiba. Nilipoinama vizuri niliiona pua: ilikuwepo, imebanwa katikati ya macho. Ule mkoromo haukuwa mfupa. Ilikuwa hewa tu ikitafuta njia.

Nilimwita, hakuja. Nikapiga mluzi wa baba, ambao mbwa yeyote wa kwetu angeujia mbio. Akanitazama, akageuza uso. Lakini mbwa mkubwa wa jirani alipochungulia, huyu mdogo aliurukia wavu akibweka kwa hasira hadi yule mkubwa akaondoka zake. Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, aliuliza kwa Kiha, "Iyi mbwa ikora iki?" Anafanya kazi gani?

Bibi, ambaye waumini wenzake walimpa pa kulala mjini, alikuja kila asubuhi kukaa kwenye mkeka upande wa pili wa wavu. Alikuwa mpishi wa wazungu kule kwao Uvira. Walipokimbia vita, walimwachia mbwa. "Madame alisemaka mababu yake balitokaka China, ku nyumba ya mfalme," aliniambia. "Habakuwindaka, habakulindaka. Balikuwa banabebwa tu."

"Mfalme mzima!" nikacheka. "Anafanya nini na kitu kama hiki?"

Alikunja uso, akamgeukia mbwa wake.

Siku ya nne bibi alilazimika kurudi kambini kuchukua mgawo wa chakula. Siku ya tano mbwa hakula. Jioni hakugusa maji. Siku ya sita alijikunyata kwenye kona, mate yakimtiririka, na nilipomsogezea bakuli akarudi nyuma. Anarudi nyuma kwa kuona maji! Na chanjo kutoka Kigoma ilikuwa bado haijafika. Nilimwonyesha mama mahali nilipoweka hati zangu. "Mwana wanje, mwanangu, usiseme hivyo," aliniambia, kisha akaenda jikoni kulia. Mkuu wangu akaja na dawa ya kumuua mbwa, nami nikaipokea. Sioni haya kusema kwamba nilimchukia yule mbwa, na nilijihurumia sana.

Nilikuwa nimeshavuta dawa kwenye bomba la sindano bibi alipotokea na mfuko wa unga kichwani. Alitua mzigo, akakaa pale pale pake, akashusha pumzi. Mbwa akainua kichwa. Akajiyumbisha hadi kwenye wavu, akajilaza mkabala na goti lake. Baada ya muda akainuka, akaliendea bakuli, akanywa. Alikunywa yote, akikoroma, maji yakimwingia puani na kumpigisha chafya. Sijawahi kufurahia kumtazama kiumbe akinywa maji kama siku ile. Nikaimwaga dawa chini. Mkuu akanikumbusha kwamba bado siku nne, nikamwambia nazijua.

Siku ya kumi alikuwa mzima, tena kanenepa. Nilikaa kwenye kigoda nikalia mbele ya mama, bibi na mkuu wangu, si kwa ajili ya mbwa, bali kwa sababu nitaishi. Kisha nikamchanja, safari hii bila kugusa taya, nikachukua kadi yake. Palikuwa na mstari wa kazi ya mbwa, ambapo siku zote niliandika kuwinda au kulinda. Nikafikiri kidogo, nikaandika.

"Unaandika nini pale?" bibi aliuliza. Hakujua kusoma.

"Kukaa na bibi yake."

Aliitazama kadi. "Njo ile," akasema. "Bale bengine bote benye baliniachaka, ile kazi ilibashinda."

Akamweka mgongoni, akakaza kitenge, akashika barabara ya kambini. Mbwa alitoa kichwa juu ya bega lake, akanitazama mara moja, akageuza uso.