Hedifoni za Mzee Makori

Ukitaka kubisha, bisha sasa, kwa sababu nikishaanza sitasimama. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote. Wala haukuwa usiku. Watu hupenda kusimulia ya usiku, maana gizani hata kisiki huwa mtu. Yangu yalitokea Nyansiongo, siku ya Ijumaa, saa nane mchana, nimeketi kwenye kiti cha mbao na kikombe cha chai kando yangu.

Kwanza ujue mimi ni nani, usije ukanidhania mtu wa kukimbia popo. Nilizaliwa Nyamarambe katika nyumba ya nyasi, na hakuna aliyenichangia hata ndururu. Nilichuma kahawa ya watu nikajilipia karo. Nilifika Uingereza kwa jasho langu, nikapiga deki sakafu za hospitali usiku, na mchana nikasomea redio na mitambo ya sauti. Niliporudi miaka ya sabini ilipoanza, nilifungua duka Kisii mjini, nikaitia diploma yangu kwenye fremu na kuitundika pale ambapo jua lisingeipausha. Wengine mjini walitengeneza redio kwa kuipiga kofi. Mimi nilikuwa na mita ya kupimia umeme, na niliielewa kama mama anavyoelewa kilio cha mtoto wake.

Asubuhi moja akaingia mzee mrefu, amevaa koti la mvua na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa.

"Bwakire, fundi."

"Bwakire, tata," nikaitikia salamu yake kama mtoto kwa baba. "Lakini mimi si fundi. Soma pale ukutani."

Akaisoma diploma neno kwa neno, polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akasema, "Vizuri sana. Sasa, fundi, nina kazi."

Huyo ndiye Mzee Makori. Alitoka Marani, akawa miongoni mwa wale wa kwanza kununua mashamba ya walowezi kule Nyansiongo, Borabu, baada ya Uhuru. Alinunua shamba, ng'ombe wa maziwa, nyumba ya mawe, jenereta, na sebuleni mtambo mkubwa wa santuri wenye spika mbili, moja kushoto na moja kulia. Alitaka nimfungie hedifoni.

"Rahisi," nikamwambia. "Ukizichomeka, spika zinanyamaza, unasikiliza peke yako kama mfalme."

"Hapana. Spika zisinyamaze. Nataka zote zifanye kazi pamoja."

Nikamtazama. Ombi hilo sikuwahi kulisikia hata Uingereza. Mtu huvaa hedifoni ili asisumbue wengine, sivyo? Lakini nilifurahi, maana mtambo wa aina ile, wa valvu, hautaki kutenganishwa na spika zake; ukizikata huku umewashwa, transfoma inaungua. Mzee alikuwa ameomba jambo sahihi bila kujua. Au ndivyo nilivyodhani.

Nilifika kwake Ijumaa ile kabla ya saa sita kwa gari langu mwenyewe. Ilikuwa lazima nimalize kabla ya jua kuzama, kwa sababu nyumba ile ni ya Wasabato, na Sabato ikiingia hata jenereta hupumzika. Mlango wa mbele ulikuwa mkubwa, wa mbao nzito, wenye ngazi tano za mawe zinazotazama barabara. Makori akaufungua kwa ufunguo aliouvaa kiunoni.

"Mlango huu naingia mimi," akasema. "Na wageni wangu wakubwa. Mzungu aliingia hapa, nami nimeingia hapa."

Nikapanda zile ngazi nikajisikia mtu. Watu wengine wote wa boma lile walipita mlango wa jikoni, upande wa nyuma.

Jikoni alikuwako dada yake Makori, mjane aitwaye Kerubo, aliyekuja kumtunza baada ya mkewe Nyaboke kufariki mwaka uliotangulia. Alileta chai, akanitazama nilivyotandaza vyombo vyangu.

"Huyu ndiye aliyevuka bahari kwenda kusomea nyaya?"

"Ndiye," nikajibu mwenyewe.

"Na huko ng'ambo hawakukufundisha kunywa chai ikiwa moto?"

Nikaunganisha nyaya kutoka kwenye spika zote mbili, nikaweka vipunguza umeme ili sauti isimpasue mtu masikio, nikatoboa ubao na kufunga soketi. Kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Katika maisha yangu sijawahi kupachika waya upande usio wake, na usiponiamini waulize wateja wangu. Nikavuta kiti katikati, uso wangu ukiuelekea ule mlango mkubwa, nikaweka santuri ya kwaya na kuvaa hedifoni.

Kerubo akacheka. "Amekuwa kama ng'ombe wa kulima!"

Kwaya ilitoka safi. Sauti za wanawake kushoto, za wanaume kulia, na spika zikiimba chumbani vilevile. Nikainua kidole gumba. Lakini Makori hakutabasamu. Aliniegemea akauliza polepole, "Unamsikia?"

"Namsikia nani?"

"Sikiliza."

Niamini, nilisikia. Katika sikio la kulia, chini ya wimbo, mwanamke alikuwa akizungumza Ekegusii, lugha yetu. Alizungumza kama mtu anayemwamsha mwenzake usingizini. Nikadhani ni redio inaingilia. Nikainua sindano kutoka kwenye santuri. Wimbo ukakatika, sauti ikabaki.

"Nimelala kitandani kwako," ilisema. "Wewe utalala wapi?"

Nilimsimulia Makori nilichosikia. Akakaa chini kwa uzito, na hapo ndipo aliponieleza ukweli. Tangu amzike Nyaboke, kila alipowasha mtambo alisikia mnong'ono katika spika ya kulia. Masikio yake yalikuwa yamezeeka, maneno hayakumfikia. Aliwahi kuikata spika ile kwa dakika moja, bahati yake transfoma haikuungua, na mnong'ono ukaisha; alipoirudisha, ukarudi, ndiyo maana hakutaka spika zinyamaze. Ndugu zake wa Marani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: Nyaboke analia kwa kuzikwa ugenini, kwenye ardhi ya mzungu. Jumapili ile walikuwa wanakuja na mnunuzi. Makori auze shamba, arudi Marani.

"Kama yeye ndiye anayetaka, nitauza," akaniambia. "Kila kitu. Lakini nilitaka nisikie kutoka kinywani mwake, si kinywani mwa ndugu zangu."

Nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza ameshika magoti. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Ni Nyaboke. Lakini kitanda gani, fundi? Ananiuliza habari za kitanda gani?"

Wewe ungefanya nini? Ungetoka mbio, na nisingekulaumu. Lakini mimi nilifundishwa kwamba kasoro hutafutwa, haikimbiwi. Nikafanya nilichojua. Nikarudisha sindano kwenye santuri, nikabadilisha nyaya kwenye soketi, ya kushoto nikaipeleka kulia. Wanawake wa kwaya wakahamia kulia kama ilivyotakiwa. Nyaboke hakuhama, alibaki sikio lilelile. Nikavua hedifoni, nikazivaa kinyume. Kwaya ikahama tena. Nyaboke akabaki kulia.

Basi nikageuza kiti. Nikaupa mgongo ule mlango mkubwa, nikaelekea jikoni. Kwaya ikabaki ilipokuwa, kama inavyopaswa kwa mtu aliyevaa hedifoni. Sauti ya Nyaboke ikahamia sikio la kushoto.

Waya haujui mtu ameketi akitazama wapi! Sauti ile haikuwa ndani ya mtambo. Ilikuwa mahali pake, imetulia, na mimi ndiye niliyeizunguka. Nikanyoosha mkono kwenye ukuta ilikotokea sauti.

"Nje ya ukuta huu pana nini?"

"Kaburi lake," akasema Makori.

Kila Mgusii anajua, hata asiyejua kusoma. Simama mlangoni mwa nyumba, utazame nje: mwanamume huzikwa upande wa kulia, mwanamke kushoto. Nikaenda nikasimama kwenye mlango mkubwa, nikatazama barabara. Kaburi la Nyaboke lilikuwa kulia kwangu. Kulia kabisa.

"Tata," nikasema, "mbona mama amelazwa mahali pako?"

Kerubo ndiye aliyejibu, kutoka mlango wa jikoni, sufuria mkononi.

"Wazee waliokuja kumzika walifikia huku! Nani aliwafungulia huko mbele? Wewe ulikuwa umelala kwa huzuni na ufunguo kiunoni. Walisimama hapa jikoni, wakahesabu kushoto, wakachimba."

Nje mvua ya Nyansiongo ilianza, ile yenye mawe, ikapiga paa mpaka hatukusikiana. Ilipopungua nikawaeleza tunavyofanya sisi wa mitambo: kama huwezi kubadilisha nyaya mwishoni, unazibadilisha mwanzoni. Kaburi haliwezi kuhamishwa hivihivi.

"Basi nyumba ndiyo igeuzwe," akasema Kerubo. "Ziba huo mlango wako wa kizungu, huu wa jikoni uwe ndio mlango. Atakuwa kushoto, mahali pake, na pako patakuwa wazi."

Mpaka leo watu hunisifu kwa wazo hilo, nami mara nyingi huwaacha wanisifu. Lakini hapa nasema kweli: maneno yalikuwa ya Kerubo. Yangu yalikuwa vipimo tu.

Makori alitazama mlango wake mkubwa kwa muda. Akatazama zile ngazi tano.

"Yaani mimi, Makori, niingie nyumbani kwangu kwa kupitia jikoni, kwenye moshi na ndizi, mpaka nife?"

"Sisi wengine tunaingia hapa kila siku," akasema dada yake. "Umeona tumekufa?"

Akafungua ufunguo kiunoni akampa. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, tukazima jenereta.

Jumapili ndugu zake walifika na mnunuzi, wakaukuta mlango mkubwa umepigwa misumari. Walizunguka nyuma wakinung'unika. Makori akawapokea jikoni, akawaambia shamba haliuzwi. Walimwita mwendawazimu. Alipowauliza walihesabu kutoka mlango gani siku ya mazishi, wakatazamana, na yule mkubwa wao akaomba chai. Kabla mwezi haujaisha, fundi wa mawe alikuwa ameuziba mlango na kubomoa ngazi. Nilirudi kupima. Nilikaa nikiuelekea mlango mpya, sindano imeinuliwa. Katika sikio la kushoto nilisikia pumzi moja ndefu, ya mtu anayejinyoosha baada ya kazi. Kisha hapakuwa na kitu, na hapajakuwa na kitu tena.

Makori aliishi miaka kadhaa akiingia kwa jikoni, na akanenepa, kwa sababu kila alipopita alionja kitu. Alipofariki, hakuna aliyebishana. Walisimama mlangoni, wakatazama nje, wakachimba upande wa kulia. Baada ya mazishi Kerubo alinitaka niwashe mtambo. Nikavaa hedifoni nikasikiliza upande huu na upande huu. Kwaya tu. Watu walikuwa wamelala, kila mmoja kitandani kwake.

Nimefunga hedifoni nyingi tangu siku ile, hata hoteli za mjini, na hakuna anayenishinda. Lakini siku zote nikijaribu kazi huacha sikio la kulia wazi. Mke wangu hunicheka. Nami nilikuwa nimejenga nyumba ya kisasa Nyamarambe, ya milango miwili mikubwa, mmoja mbele na mmoja nyuma, sawasawa kama niliyoiona Uingereza. Mmoja niliuziba kwa mikono yangu.

Kwa hiyo wewe unayejenga nyumba ya mawe na kujivunia milango yake, sikia neno la mtu aliyesoma. Chagua mlango wako ungali hai, uwaambie watu wako waziwazi kuwa ndio huu. Usiwaachie wakuhesabie siku ambayo umelala na ufunguo kiunoni.